Leso Nane Mkobani mwa Tilde

Wiki iliyopita tulimwacha Tilde juu ya lori, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umeshika mkoba wake, na mkoba wenyewe ukiwa mdomoni mwa mbwa.

Mbwa huyo ni Rollo, wa Preben dereva. Kutwa nzima alikuwa amelala kwenye kiti cha mbele kama mzigo wa nguo chafu, hasumbui mtu. Sasa amepanda ngazi za lori, amewapita wahitimu ishirini na mmoja wenye kofia nyeupe, amekwenda moja kwa moja kwa Tilde Overgaard.

"Rollo, achia," alisema Tilde kwa sauti ya chini.

Rollo hakuachia. Tilde alivuta, Rollo akavuta, zipu ikakatika.

Vikamwagika miguuni mwake soseji mbili, kababu tatu, vipande viwili vya samaki na keki ya stroberi iliyobondeka kama iliyokanyagwa na baiskeli. Kila kimoja kimefungwa vizuri ndani ya leso ya karatasi.

Wengine hawakuona. Walikuwa upande wa pili wa lori wanapiga honi na kuwaimbia watu wa barabarani. Aliyeona alikuwa mmoja tu, Kamma, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza.

Kamma aliinama akaokota leso moja. Akaisoma.

"Shoga," alisema, "umefungua hoteli?"

Tilde alijitia kucheka. Akasema amejiwekea akiba, kwamba njaa itamshika baadaye. Kamma hakucheka. Aligeuza leso ili Tilde naye aisome. Ilikuwa imechapwa jina kwa wino wa dhahabu: Villads.

"Kwa kina Villads uliniambia umekula mpaka umelegea. Hii hapa soseji ya kwa kina Villads, nzima, haina hata alama ya jino."

Hapo ndipo ubaya wa leso unapojitokeza. Mji mzima wa Horsens, mtoto akimaliza mitihani na kuvikwa kofia nyeupe, wazazi hukimbilia duka la uchapaji. Leso zinachapwa jina la mtoto na mwaka. Halafu lori la darasa linazunguka nyumba moja baada ya nyingine, na kila nyumba imetandika meza. Darasa la Tilde lilikuwa na nyumba kumi na nne. Wamemaliza nane. Kwa hiyo mkobani mwa Tilde mlikuwa na leso nane zenye majina manane, na ushahidi wa namna hiyo hata wakili mlevi angeshinda nao kesi.

Kila nyumba ina chakula, na kila nyumba ina kinywaji. Darasa lilijiwekea sheria yake: atakayekunywa katika nyumba zote kumi na nne atakatiwa alama ya nyota kwenye ukingo wa kofia. Tilde aliitaka nyota hiyo. Pia alitaka gauni lake jeupe lifunge zipu mpaka juu. Tumbo ni moja, aliwaza, na nafasi yake ni moja. Akitia chakula, gauni litambana na pombe haitapata pa kukaa. Basi tangu jana asubuhi alikuwa amekula tofaa moja.

Hesabu hiyo hakuibuni yeye, msomaji. Pale kwenye kituo cha basi, mkabala na duka la uchapaji, pamebandikwa picha ya msichana mwenye kiuno chembamba kama shingo ya chupa, ameshika kopo la pombe, na chini yake imeandikwa kwamba kinywaji hicho ni chepesi, hakinenepeshi. Miezi yote ya baridi wenye picha hiyo hiyo walimuuzia bia. Jua lilipotoka wakamuuzia aibu ya tumbo lililoinywa. Wamemkamua mkono wa kulia, wamemkamua wa kushoto, na akianguka chini watasema alichagua mwenyewe. Wana picha nzuri na meno meupe. Mimi sura zao nimezishika.

Na kuanguka, Tilde alishaanguka. Pasaka, kwenye sherehe, alikunywa bila kula, na bibi yake akamkuta kwenye sakafu ya bafu akiwa baridi kama vigae vyenyewe. Bibi Bodil, aliyemlea tangu ana miaka minne, alikaa naye mpaka kukapambazuka. Asubuhi hakumgombeza. Alimwambia jambo moja tu. "Nitakuamini mara moja. Siku lori litakapokuja kwangu, nitapandisha bendera kwenye roshani, mtaa mzima uone. Nikijua umenidanganya, nitaishusha mbele ya darasa lako lote."

Tilde aliapa kwamba hatakunywa tena bila kula. Na bibi ni mtu ambaye hajawahi kutishia jambo asilolifanya.

"Kwa bibi yako tunafika saa ngapi?" aliuliza Kamma, kama aliyekuwa anasoma mawazo yake.

"Sisi wa mwisho. Nyumba ya kumi na nne. Nina muda."

Simu ya Kamma ikalia.

Alikuwa mama yake. Nyumba ya tisa ilikuwa yao, kule kwenye nyumba kubwa za ufukweni, nao walikuwa wamekodi hema la sherehe. Upepo umelibeba hema, meza, na nusu ya saladi, vyote vimo bwawani mwa jirani. Mama alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Aliomba wapewe saa moja na nusu.

Preben alisimamisha lori akasikiliza, akakuna shavu, akatazama karatasi yake ya njia. "Basi tunaanza na ya karibu," alisema. "Nani anakaa Mtaa wa Kinu? Ghorofa ya tatu?"

Huko ni kwa bibi yake Tilde.

Tilde alimwambia Preben kwamba haiwezekani, kwamba bibi ni mzee, viazi vyake havijaiva, mtu hamvamii mzee namna hiyo. Preben alikuwa ameshampigia. Aliweka simu kwenye sauti kubwa ili mhusika ajisemee.

"Viazi vyangu vimeiva tangu mwaka sabini na nne," ilisema sauti ya Bibi Bodil. "Waleteni."

Dakika tano. Kamma alipiga magoti akaanza kumlisha Rollo haraka haraka, keki, samaki, kababu. Rollo alikula vitu vinne, akapiga mbweu, akalala ubavu. Amemaliza kazi yake. Tilde alitaka kuvitupa vilivyobaki nje ya lori, lakini wapi? Kila hatua ishirini amesimama mtu na kibendera, anapunga, anamwita mtoto hongera. Huwezi kumtupia soseji mtu anayekupongeza. Basi akavisokota vyote mkobani, leso tupu na zenye vitu, akaukumbatia ule mdomo uliokatika zipu.

Na pale juu, kwenye roshani ya ghorofa ya tatu, ikaonekana. Nyekundu yenye msalaba mweupe, imepigwa pasi mpaka inang'aa. Bibi alikuwa ameipandisha.

Desturi ni kwamba mwenye nyumba yake hushuka wa kwanza. Tilde alishuka. Bia nane kwenye tumbo tupu zilikuwa zinamwambia kwamba ngazi zinapanda na kushuka zenyewe, naye alijikaza, akashika ukuta, akahesabu vidato, hamsini na nne, mpaka mlangoni.

Bibi Bodil alikuwa amesimama hapo na aproni yake ya buluu. Miaka thelathini na moja alikata nguruwe kiwandani, na kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi. Shule aliacha ana miaka kumi na nne. Sheria alijisomea mwenyewe, vitabu vya kuazima, mezani hapo hapo jikoni. Mjukuu wake ndiye wa kwanza katika ukoo wao kuvaa kofia ile.

Alimshika kidevu. Saa ya mkononi ilimteleza bibi mpaka karibu na kiwiko, akairudisha kwa kidole bila kuitazama.

"Umependeza," alisema. "Umekula?"

"Nimekula, bibi." Na kwa kuwa uongo mfupi humtia mtu wasiwasi, akaurefusha. "Kwa kina Villads nimekula soseji."

Nyuma yake darasa lilikuwa linapanda ngazi kwa kelele. Villads mwenyewe, kijana mrefu wa mabega mapana, alikuwa wa tatu. Wa pili alikuwa Rollo. Usingizi ulikuwa umemtoka. Mdomoni alikuwa amebeba kitu alichokiokota kwenye ngazi, akakiweka taratibu juu ya kiatu cha Bibi Bodil, kama mhudumu anayeleta bili.

Soseji. Nzima. Ndani ya leso ya dhahabu.

Bibi aliiokota. "Villads," alisema, "hii leso ni yenu?"

"Ndiyo, bibi. Mama amechapisha mia mbili."

Bibi alinyoosha mkono, Tilde akampa mkoba. Chumba cha bibi kilikuwa kimejaa: meza tatu zimeunganishwa, mbili za kuazima kwa majirani, sufuria za viazi, mchuzi mweupe wa maziwa na kotimiri, sinia la nyama ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka mpaka inavunjika kama biskuti. Siku tatu za kazi. Bibi alisogeza sinia, akafuta mahali, akazipanga leso moja moja, kama mtu anayegawa karata. Sofus. Ellinor. Villads. Majina manane. Vijana waliacha kuimba. Wale ambao lori lilishapita kwao walikuwa wanasoma kila mmoja jina lake.

Kisha akaenda kwenye roshani. Wakamwona anaishika kamba ya bendera.

"Ni zangu," alisema Kamma.

Wote wakageuka. Kamma alikuwa mwekundu mpaka masikio. Alisema aliuazima mkoba wa Tilde tangu asubuhi, kwamba leso zote ni za kwake, kwamba yeye ndiye hakula. Alisema haraka, bila kupumua, na alisema vizuri. Uongo wake ulikuwa bora kuliko wa Tilde.

Mkono wa bibi ulitulia kwenye kamba. Alimtazama Kamma, halafu akamtazama mjukuu wake.

"Basi wewe umekula," alisema. "Ndivyo?"

Mlango wa kutokea ulikuwa wazi, msomaji, na rafiki yake ndiye aliyeushikilia. Neno moja tu, ndiyo, bendera inabaki juu, nyumba tano zilizobaki zinaendelea, nyota inakatwa kwenye kofia. Tilde alilisikia neno lile limefika kwenye ulimi.

Akamwona bibi amekaa sakafuni bafuni, usiku ule wa Pasaka, gauni lake la kulalia limelowa.

"Kamma ananifichia," alisema. "Ni zangu zote nane. Sijala tangu jana. Nilitaka pombe ipate nafasi na gauni lifunge." Akazitazama leso mezani. "Na si leo tu. Ni tangu kabla ya Pasaka. Kila Ijumaa yenye sherehe nafunga tangu asubuhi. Nimeshindwa kuacha, bibi. Ndiyo maana nakudanganya."

Kamba ya bendera ilikuwa inagonga mlingoti, ka, ka, ka.

Bibi Bodil aliiachia. Bendera ilibaki juu.

"Februari ya mwaka sabini na nne," alisema, akirudi ndani, "bwana mkubwa wa kiwanda alitukata muda wa kula. Nusu saa akaifanya dakika kumi na mbili. Ukitoa kuvua glavu na kunawa damu, zinabaki nne. Wanawake wakaanza kuanguka kwenye mstari, visu mkononi. Gerda wa meza ya nne aliacha kidole chake pale. Tukagoma siku kumi na moja, kwenye theluji, tumbo likiwa na viazi tu. Bwana yule jina lake ninalo, na la mkewe, na rangi ya gari lake. Siku ya kumi na mbili alitia sahihi, na ile nusu saa tukairudisha." Alivuta kiti akamkalisha Tilde. "Nusu saa yako wewe amekuibia nani? Nitajie jina. Nikamgomee."

Tilde alikuwa analia, na katikati ya kulia kicheko kikampenya. "Hana jina, bibi. Yumo kwenye simu."

"Basi tutaigomea simu. Kikapu cha viazi kile pale, tieni humo nyote."

Wakatia. Simu ishirini na mbili, na ya Preben, aliyepanda nao, juu yake.

Tilde alinyoosha mkono kwenye sinia la nyama, bibi akamzuia. Alimwambia tumbo tupu halianzi na nguruwe. Akamkatia kipande cha mkate mweusi, akapaka siagi, akaweka glasi kubwa ya maji. "Hiki ndicho cha leo. Jumatatu tutamtafuta mtu wa kuzungumza naye, mwenye kusomea kazi hiyo. Mimi ni mkata nguruwe."

Tilde aliuma. Mkate ulikuwa mchachu kidogo, na mbegu zilinasa kwenye meno. Alitafuna huku watu ishirini na watatu na mbwa mmoja wakimtazama, na hilo, kama ungemuuliza, ni gumu kuliko mtihani wa hesabu.

Aliyemwokoa alikuwa Villads. Alikohoa, akavua kofia, akaitingisha juu ya meza. Zikadondoka kababu mbili, bapa kama sarafu.

"Za kwa kina Ellinor," alisema akivitazama viatu vyake. "Kesho tunapiga picha mtoni, bila mashati. Nilitaka tumbo liwe bapa."

"Zimekuwa bapa nywele," alisema Kamma.

Chumba kikapasuka kwa kicheko, na kicheko kile kikafungua mengine. Sofus alitoa soksini. Msichana mmoja alitoa kwenye mkono wa koti. Ellinor, ambaye mama yake ndiye aliyezikaanga zile kababu, alitoa tatu kwa mpigo akaomba asisemewe. Kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye peke yake kwenye lori zima. Ndivyo wanavyotutaka wale wa picha za kituo cha basi, kila mtu na leso yake, amejifungia peke yake.

Bibi Bodil aliwahesabu. Tisa kati ya ishirini na wawili. Akafungua droo, akatoa kisu chake cha kiwandani, kile chenye mpini uliochakaa kwa umbo la kiganja chake.

"Leteni kofia," alisema. "Sheria imebadilika. Atakayekula kwenye meza hii namkatia alama. Ya kinywaji simpi mtu."

Foleni ilifika mpaka kwenye ngazi. Viazi vilipita, mchuzi ulipita, nyama ilivunjika kwenye meno kwa mlio wa vijiti vikavu. Preben alikula sahani mbili akauliza kama madereva nao hukatiwa. Bibi alikuwa kila mahali, anapakua, anamwaga maji, anamkumbusha huyu achukue tango, anamtania yule kwamba babu yake naye alikuwa mchoyo wa kula mwaka wa themanini na mbili. Alikuwa hakai. Tilde, nusu ya mkate imeshuka na kichwa kimeanza kusimama wima, alimtazama na kuona fahari ikimjaa kifuani.

Alipokatiwa alama yake, bibi aliikata ndefu kuliko za wengine.

Hapo ndipo Rollo alipoinuka tena.

Alinusa hewani. Akapita chini ya meza, akaruka miguu ya Sofus, akaliacha sinia lililo wazi bila hata kulitazama. Akaenda moja kwa moja kwa Bibi Bodil, akatia pua kwenye mfuko wa aproni, akavuta.

"Toka," alisema bibi, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha.

Mfuko ulichanika. Ikadondoka sakafuni leso ya karatasi. Halafu ya pili. Halafu ya tatu, ya nne.

Tilde aliziona kabla ya mtu mwingine yeyote, kwa sababu jina lililochapwa juu yake lilikuwa la kwake. Ndani ya ya kwanza mlikuwa na nyama na kiazi, vya leo. Nyingine zilikuwa na mkate mkavu, wa jana au juzi. Akaitazama ile saa iliyolegea mkononi mwa bibi yake. Akakumbuka kwamba miezi hii yote, kila chakula, bibi alikuwa amesimama anapakua.

Vijana wakatazama sahani zao. Mwanamke aliyeweza kujibu mabwana wakubwa wa kiwanda kwa miaka kumi na tisa alianza kuziokota leso, moja moja.

Tilde alisimama. Alivuta kiti kilichokuwa kitupu, akaweka mbele yake nusu ya mkate wake iliyobaki.

"Kaa, bibi," alisema. "Nusu saa. Ni yako pia."

Bibi Bodil akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu lori lifike, akakaa. Aliushika mkate, akaugeuza, akautazama upande wa chini kama kwamba palikuwa pameandikwa kitu.

"Nitakula," alisema polepole. "Lakini mtoeni huyo mbwa, na wewe funga mlango. Ukishasikia kwa nini siwezi kumeza tangu Februari ya mwaka huu, mjukuu wangu, huenda bendera ile ukaishusha wewe mwenyewe."